Jina la Alkoholi na Ushahidi Wake

Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki katika vitongoji vya Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa metanoli. Aprili 2010 makumi ya watu wakafa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa waragi yenye sumu hiyo hiyo. Mei 2014 msiba ukarudi Kenya, safari hii Embu, Kiambu na kaunti nyingine: makumi wakazikwa, na baadhi ya walionusurika wakabaki vipofu. Waathirika hao waliamini kwamba kilichomo kwenye glasi ni etanoli, alkoholi ya kawaida ya vileo. Kati ya molekuli ya etanoli na ile ya metanoli kuna tofauti ya kaboni moja na haidrojeni mbili tu. Ulimi na pua za mnywaji haviwezi kutegemewa kuitambua tofauti hiyo.

Kemia inaitambua, na ina njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kanuni za majina, ambazo humweleza msomaji jinsi molekuli ilivyojengwa. Ya pili ni vipimo, ambavyo huthibitisha kwamba kilichomo chupani ndicho kilichoandikwa juu yake. Shuleni mambo haya hufundishwa kana kwamba hayahusiani: wiki hii mwanafunzi wa kidato cha nne anakariri majina, wiki ijayo anakariri rangi za majaribio, kisha anavisahau vyote baada ya mtihani. Hoja ya makala haya ni kwamba hilo ni somo moja. Jina la alkoholi likisomwa sawasawa hutabiri tabia yake, na kipimo kikifanywa sawasawa hulithibitisha jina au hulikanusha. Anayejua kimoja bila kingine bado hajaijua alkoholi.

Kundi la OH na mahali lilipokaa

Alkoholi ni kampaundi ya kaboni yenye kundi la haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni moja, OH. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kundi hilo lazima liwe limekaa kwenye kaboni iliyoshiba, ile ambayo vifungo vyake vyote vinne ni vifungo vya mojamoja. Kama kaboni yenyewe tayari imefungwa na oksijeni nyingine kwa kifungo maradufu, kampaundi hiyo ni asidi ya kaboksili, kama asidi ya etanoiki iliyomo kwenye siki. Na kama OH imeshika moja kwa moja kwenye pete ya benzini, hiyo ni fenoli.

Mpaka kati ya alkoholi na fenoli una maana kubwa. Etanoli haibadilishi rangi ya litmasi, wala haitengenezi chumvi ikitiwa kwenye mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi. Fenoli ni asidi hafifu, na sodiamu haidroksaidi huigeuza kuwa chumvi. Matone ya mmumunyo wa chuma(III) kloraidi yakiingia kwenye fenoli, rangi ya zambarau hutokea. Yakiingia kwenye etanoli, rangi hiyo haionekani. Mfano ulio karibu nasi ni mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba. Sehemu yake kubwa ni eujenoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na zinki oksaidi kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Jina linaishia kwa -oli, lakini OH ya eujenoli imekaa kwenye pete ya benzini, kwa hiyo ni fenoli. Parasetamoli nayo ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, alkoholi ya benzili ina pete ya benzini, ila OH yake imeshika kaboni iliyo nje ya pete. Hiyo ni alkoholi halali, na jina lake la kanuni ni fenilimetanoli.

Kwa hiyo kiishio pekee si ushahidi. Petroli inaishia kwa -oli na kwa asili ni mchanganyiko wa haidrokaboni zisizo na OH. Glukosi ina makundi matano ya OH na jina lake halitaji hata moja. Fomula ya jumla nayo haitoshi: C₂H₆O inaweza kuwa etanoli, inayochemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, au dimethili etha, gesi inayochemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Atomi ni zilezile, idadi ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio. Katika etanoli, OH huziwezesha molekuli kushikana kwa vifungo vya haidrojeni, ndiyo maana zinahitaji joto jingi zaidi ili ziachane. Anayetaka kuitambua alkoholi aanze na muundo, kisha ndipo aliangalie jina.

Madaraja matatu

Baada ya kuhakikisha kwamba kitu ni alkoholi, swali linalofuata ni daraja lake. Tazama kaboni iliyobeba OH, halafu hesabu kaboni nyingine zilizoshikana nayo moja kwa moja. Ikiwa ni moja, au hakuna kabisa kama ilivyo kwa metanoli, alkoholi ni ya daraja la kwanza. Zikiwa mbili ni ya daraja la pili. Zikiwa tatu ni ya daraja la tatu.

Fomula C₄H₁₀O inaonyesha vizuri uzito wa jambo hili, kwa sababu alkoholi nne tofauti zinaimiliki. Butan-1-oli ni ya daraja la kwanza na huchemka kwenye nyuzi 118 hivi. 2-metilipropan-1-oli nayo ni ya daraja la kwanza, ina tawi, na huchemka kwenye 108. Butan-2-oli ni ya daraja la pili, huchemka kwenye 99. Ya nne, 2-metilipropan-2-oli, ni ya daraja la tatu. Huchemka kwenye 82 na huganda karibu na nyuzi 25, hivi kwamba chupa yake huwa kimiminika katika joto la mchana la Dar es Salaam na huwa fuwele nyeupe katika baridi ya Julai ya Nairobi.

Wanakemia walifikia madaraja haya kwa fikra kabla ya kuyaona. Mwaka 1860 Mjerumani Hermann Kolbe alitabiri kwamba lazima ziwepo alkoholi za daraja la pili na la tatu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860, Alexander Butlerov, Mrusi wa Chuo Kikuu cha Kazan, akaitengeneza 2-metilipropan-2-oli na kuipa nguvu nadharia ya muundo wa molekuli. Muundo ulitangulia kwenye karatasi, kitu chenyewe kikafuata maabarani.

Jinsi jina linavyojengwa

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, kila maabara ilikuwa na mazoea yake ya kutaja vitu. Aprili 1892 wanakemia wa Ulaya walikutana Geneva na kukubaliana kanuni za pamoja. Huko ndiko kiishio cha -oli kilikowekwa rasmi kuwa alama ya alkoholi. Shirika la kimataifa la IUPAC, lililoundwa mwaka 1919, limeendelea kuzirekebisha kanuni hizo mpaka leo.

Kanuni zenyewe ni chache. Tafuta mnyororo mrefu zaidi wa kaboni unaopita kwenye kaboni yenye OH. Chukua jina la alkani yenye idadi hiyo ya kaboni, uliongezee -oli: metani huwa metanoli, etani huwa etanoli. Hesabu kaboni kuanzia upande utakaoipa OH namba ndogo zaidi. Taja matawi kwa namba zake, kwa mpangilio wa alfabeti.

Chukua molekuli hii: CH₃–CH₂–CH(CH₃)–CH(OH)–CH₃. Mnyororo una kaboni tano, kwa hiyo mzizi wa jina ni pentani. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kutoka kushoto atahesabu tawi la metili kwenye kaboni ya 3 na OH kwenye ya 4, aandike 3-metilipentan-4-oli. Jina hilo ni kosa. OH ndiyo yenye haki ya kwanza ya namba ndogo, hivyo kuhesabu kuanze kulia: OH inapata 2, metili inabaki na 3. Jina sahihi ni 3-metilipentan-2-oli. Haki hiyo ya OH hutangulia matawi, halojeni na hata kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni.

Mtego wa pili huwakamata hata waliobobea. Katika molekuli ya CH₃–CH₂–CH(CH₂OH)–CH₂–CH₃, jicho huona kaboni tano zilizonyooka na kukimbilia pentani. Lakini kaboni yenye OH haimo kwenye mnyororo huo, inaning'inia pembeni. Mnyororo mrefu zaidi unaopita kwenye kaboni hiyo una kaboni nne tu, kwa hiyo mzizi ni butani, na kipande cha kaboni mbili kilichobaki huwa tawi la etili. Jina ni 2-etilibutan-1-oli. Ukilielewa neno «unaopita», nusu ya makosa ya mitihani hutoweka.

Yakiwepo makundi zaidi ya moja ya OH, kiishio huwa -dioli au -trioli na kila kundi hupewa namba yake: gliserini ni propani-1,2,3-trioli. Na kama kwenye molekuli hiyo hiyo lipo kundi lenye cheo kikubwa kuliko alkoholi, mathalani asidi, aldehidi au ketoni, OH hupoteza haki ya kiishio na hutajwa mwanzoni kwa haidroksi-. Asidi ya laktiki ya maziwa ya mgando huitwa asidi ya 2-haidroksipropanoiki kwa sababu hiyo.

Sasa tazama faida yake. Anayesikia butan-2-oli hajasikia jina tupu. Ameambiwa kwamba kaboni ni nne, mnyororo hauna tawi, OH iko ya pili, kwa hiyo daraja ni la pili. Ikioksidishwa itatoa ketoni na haitatoa asidi kirahisi. Ikiwekwa kwenye jaribio la iodofomu itatoa mashapo ya njano. Yote hayo yamo ndani ya jina moja.

Pipa moja, majina mengi

Nje ya darasa kanuni hizi hukutana na mazoea ya biashara. Chukua propan-2-oli, inayotumika kusafishia ngozi kabla ya sindano na kusafishia vifaa vya elektroniki. Kwenye vitabu vipya inaandikwa propan-2-oli, kwa sababu mapendekezo ya IUPAC ya mwaka 1993 yaliisogeza namba hadi mbele ya kiishio inachokihusu. Kwenye vitabu vya zamani ni 2-propanoli. Hospitalini ni alkoholi ya isopropili, na dukani ni isopropanoli, jina lisilofuata kanuni yoyote kwa kuwa hakuna alkani iitwayo isopropani.

Neno spiriti lina utata zaidi. Inaweza kuwa etanoli ya kusafishia vidonda. Inaweza pia kuwa spiriti ya kuwashia jiko au kukoroga rangi ya mbao, ambayo ni etanoli iliyotiwa metanoli makusudi ili isinyweke, na mara nyingi hupakwa rangi ya zambarau au buluu kama onyo. Mtu anayeuza vitu hivi kwa kupima kwenye chupa za maji anafuta onyo hilo, hata akiwa hana nia mbaya.

Ndiyo sababu mapipa ya kemikali yanayosafirishwa hubeba namba za Umoja wa Mataifa: etanoli ni UN 1170, metanoli ni UN 1230, propan-2-oli ni UN 1219. Kwenye makaratasi ya maabara hutumika namba za CAS: 64-17-5 kwa etanoli, 67-56-1 kwa metanoli, 67-63-0 kwa propan-2-oli. Dereva, mlinzi wa ghala au ofisa wa forodha asiyejua kemia anaweza kuzilinganisha namba hizi na hati alizonazo. Namba haina lahaja, haina jina la mtaani.

Kutoka kwenye lebo hadi kwenye neli

Hata hivyo lebo ni dai tu, na dai hupimwa. Jaribio la kwanza la kitamaduni ni kipande kidogo cha sodiamu: alkoholi hutoa mapovu ya haidrojeni. Maji hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo sampuli isipokuwa kavu jaribio halithibitishi chochote. Jaribio la pili ni kupasha alkoholi pamoja na asidi ya etanoiki na matone ya asidi ya salfuriki kali. Harufu tamu ya matunda huonyesha kwamba esta imezaliwa.

Kwa kutenganisha madaraja, kitendanishi cha Lucas, yaani zinki kloraidi ndani ya asidi ya haidrokloriki kali, hufanya kazi nzuri. Alkoholi ya daraja la tatu huchafuka kuwa na ukungu papo hapo. Ya daraja la pili huchukua dakika tano hivi. Ya daraja la kwanza hubaki angavu kwenye joto la kawaida. Kipimo hiki kina mipaka: kinafaa kwa alkoholi ndogo zinazoyeyuka ndani ya kitendanishi, na alkoholi ya benzili hukikiuka, kwani ni ya daraja la kwanza lakini humenyuka haraka. Potasiamu daikromati iliyotiwa asidi hubadilika kutoka chungwa kuwa kijani ikikutana na daraja la kwanza au la pili, na haibadiliki ikikutana na la tatu. Kipima pumzi alichokiunda Robert Borkenstein wa Marekani mwaka 1954 kilitumia badiliko hilo hilo la rangi kuwanasa madereva walevi.

Sasa lirudie swali la metanoli na etanoli. Zote ni za daraja la kwanza, hivyo Lucas hawezi kuzitenganisha, wala daikromati haiwezi. Jaribio la iodofomu linaweza. Weka matone machache ya alkoholi kwenye neli ya majaribio, ongeza mmumunyo wa iodini, kisha tia sodiamu haidroksaidi tone kwa tone huku ukitikisa mpaka rangi ya kahawia ya iodini ififie. Pasha polepole kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa etanoli, mmumunyo huanza kuwa na ukungu, halafu chembe za njano iliyopauka hutuama taratibu chini ya neli na kutoa harufu ya dawa ya hospitali. Kwa metanoli hazionekani. Jina lilikwisha kulieleza jambo hilo: jaribio linadai kaboni yenye OH iwe na haidrojeni na iwe imeshikana na kundi la metili, na metanoli, yenye kaboni moja, haina kaboni jirani ya kushikana nayo.

Lakini hapa kuna onyo zito. Mchanganyiko wa etanoli na metanoli pia utatoa mashapo ya njano, kwa sababu etanoli imo. Jaribio la iodofomu linasema etanoli ipo. Halisemi metanoli haipo. Pombe iliyochakachuliwa huhitaji mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kila kijenzi na kukipima kiasi chake. Hakuna njia ya nyumbani, iwe kuwasha moto au kuonja, inayotosha kuokoa maisha.

Hatari yenyewe huzalishwa mwilini. Kimeng'enya cha ini huigeuza metanoli kuwa formaldehidi, kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho na kuijaza damu asidi. Dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi, mnywaji akidhani ni uchovu wa ulevi. Hospitalini madaktari hutumia fomepizoli, au hata etanoli kwa vipimo maalumu, ili kukishughulisha kimeng'enya hicho metanoli isigeuzwe. Aliyeanza kuona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja. Na ieleweke kwamba uchachushaji wa kawaida wa nafaka hutoa metanoli kidogo sana. Misiba mikubwa hutokana hasa na watu wanaochukua metanoli ya viwandani na kuiuza kama kileo.

Gliserini na wale wanaofanana nayo

Kuna familia nyingine ambamo kosa la jina limeua watoto. Gliserini, propani-1,2-dioli, etani-1,2-dioli na diethilini glikoli zote ni vimiminika vizito, visivyo na rangi, vyenye utamu. Mbili za kwanza hutumika kihalali kwenye sharubati za dawa. Etani-1,2-dioli huzuia maji ya rejeta yasigande, na mwilini huishia kuwa asidi ya oksaliki inayojenga fuwele kwenye figo. Diethilini glikoli nayo huharibu figo.

Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya maji ya salfanilamidi iliyeyushwa katika diethilini glikoli na kuua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria inayodai usalama wa dawa uthibitishwe kabla haijauzwa. Lakini Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sharubati nne za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India, zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia. Ndani yake kulikuwa na diethilini glikoli na etani-1,2-dioli. Miaka 85 imepita kati ya matukio hayo, na kemia ya mauaji ni ileile.

Tazama majina ya kibiashara yalivyo: propilini glikoli, ethilini glikoli, diethilini glikoli. Mtu mwenye haraka husikia «glikoli» tu. Majina ya kanuni hayana huruma hiyo kwa mzembe: propani-1,2-dioli, etani-1,2-dioli na 2,2′-oksidi(etan-1-oli) hayafanani. Hata hivyo jina sahihi kwenye hati haliwezi kumzuia mdanganyifu aliyebadilisha yaliyomo kwenye pipa. Kinga iliyobaki ni kupima utambulisho wa kila pipa la malighafi kabla halijaingia kwenye mtambo, bila kutegemea cheti cha muuzaji peke yake.

Yanayopaswa kubadilika

Kwa walimu wa kemia, rai yangu ni kufundisha majina na vipimo kwa pamoja. Kila jina linapoandikwa ubaoni, mwanafunzi aulizwe: daraja gani, Lucas atasema nini, daikromati itakuwaje, iodofomu itatokea au la? Akijibu kutoka kwenye jina, amelielewa. Pasipo na maabara, jibu la karatasi bado humfundisha kufikiri, na fikra hiyo ndiyo iliyomwezesha Kolbe kutabiri vitu ambavyo hakuna aliyekuwa ameviona.

Kwa wenye maduka ya kemikali na dawa: usihamishe spiriti wala kiyeyushi chochote kwenye chupa isiyo na lebo, na usinunue pipa ambalo namba yake hailingani na hati. Kwa viwanda na mamlaka za udhibiti: cheti kisomwe, kisha pipa lipimwe. Na kwako msomaji, ukiambiwa kwamba kimiminika fulani ni alkoholi, uliza mambo mawili kabla ya kukubali: ni alkoholi ipi, na nani ameipima?